Kanuni Kwanza, Mkutano Baadaye

Hotuba kwa wazungumzaji wa Kiswahili wa Minnesota kuhusu mjadala wa majimbo kuitisha mkutano wa kurekebisha Katiba ya Marekani

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, ndugu zangu, na nyinyi vijana mlioacha shughuli zenu za Jumamosi mkaja, nawashukuru sana.

Siku ya mtihani wa uraia wengi wetu tuliulizwa Katiba ya Marekani ina marekebisho mangapi. Tukajibu 27, afisa akaandika, tukaendelea na swali jingine. Hakuna aliyetuuliza hayo 27 yalipitia wapi, wala kama iko njia nyingine ya kuibadilisha Katiba ambayo haijatumika hata mara moja tangu ilipoandikwa. Hiyo njia ipo. Kuna watu wenye fedha na subira wanaoifanyia kazi, bunge la jimbo moja baada ya jingine. Na wanaoamua si wakubwa wa Washington tunaowaona kwenye televisheni. Ni wabunge wa jimbo pale St. Paul, watu ambao wengi wetu hatujui hata majina yao, ingawa tunapita mbele ya bango lao la kampeni kila baada ya miaka miwili.

Ibara ya 5 ya Katiba inaruhusu marekebisho yapendekezwe kwa namna mbili. Ya kwanza, theluthi mbili ya Baraza la Wawakilishi na theluthi mbili ya Seneti zikubaliane. Ya pili, mabunge ya theluthi mbili ya majimbo, yaani 34 kati ya 50, yapeleke maombi, na hapo Kongresi inatakiwa kuitisha mkutano wa kupendekeza marekebisho. Iwe ni kwa njia hii au ile, pendekezo halina nguvu mpaka liridhiwe na robo tatu ya majimbo, ambayo ni 38. Rais hatii saini popote. Marekebisho yote 27 tuliyonayo yalitoka Kongresi. Mkutano wa majimbo haujawahi kuitishwa.

Lakini umewahi kukaribia. Mwaka 1969 maombi ya majimbo yaliyotaka kupindua uamuzi wa Mahakama ya Juu kuhusu ugawaji wa maeneo ya uchaguzi yalifika 33. Lilibaki bunge moja tu. Mwaka 1983 maombi ya kutaka bajeti isiyo na nakisi yalifika 32, kisha baadhi ya majimbo yakaingiwa na hofu yakaanza kuyafuta. Sasa wimbi limerudi. Tangu 2013 kampeni inayojiita Convention of States imekuwa ikipeleka ombi lenye mambo matatu: kuibana serikali kuu katika matumizi ya fedha, kupunguza mamlaka yake, na kuweka ukomo wa mihula kwa maafisa wake na wabunge wa Kongresi. Georgia ilikuwa ya kwanza, 2014. Kufikia 2022 mabunge 19 yalikuwa yamepitisha.

Msidhani hili ni la upande mmoja wa siasa. Vermont na California zilipeleka maombi 2014 zikitaka mkutano wa kudhibiti fedha za matajiri kwenye uchaguzi, baada ya uamuzi wa Mahakama ya Juu wa 2010 kufungulia milango fedha hizo. Mwaka 2023 California ikapeleka jingine kuhusu bunduki, kwa wito wa Gavana Gavin Newsom. Na wapinzani nao wamechanganyika. Common Cause, watu wa mrengo wa kushoto, wanaupinga mkutano. John Birch Society, watu wa kulia kabisa, wanaupinga pia, na kwa sauti kubwa zaidi. Kwa hiyo mtu akija msikitini, kanisani au kwenye baraza lenu akawaambia kuwa jambo hili ni la chama fulani, mwambieni arudi akasome.

Sasa niwape hoja ya wanaoutaka mkutano kwa uzito wake, maana ni hoja nzito. Septemba 15, 1787, siku mbili kabla ya Katiba kutiwa saini kule Philadelphia, rasimu ilikuwa inaiachia Kongresi peke yake kazi ya kupendekeza marekebisho. George Mason wa Virginia akasimama kupinga. Alichosema, kwa maneno yangu mimi, ni hiki: ikiwa serikali yenyewe ndiyo itakayogeuka kuwa mkandamizaji, wananchi watapataje marekebisho ya kuizuia wakati yote lazima yapitie mkononi mwake? Wajumbe wakamwelewa, ndipo njia ya majimbo ikaongezwa.

Mason aliona mbali. Angalieni ukomo wa mihula. Mwaka 1947 Kongresi ilipendekeza Rais asichaguliwe zaidi ya mara mbili, na majimbo yakaridhia 1951. Kwa Rais, ukomo ulipatikana ndani ya miaka minne. Wao wenyewe je? Majimbo kadhaa yalijaribu kuwawekea ukomo wabunge wao wa Kongresi, na mwaka 1995 Mahakama ya Juu ikasema haiwezekani bila kurekebisha Katiba. Basi nani atapendekeza marekebisho hayo? Ni wale wale wanaotakiwa kuondoka. Na deni la taifa lilivuka dola trilioni 36 mwishoni mwa 2024, likiwa limekua chini ya vyama vyote viwili. Mtu anayeyaona haya akasema Kongresi haitajirekebisha, siwezi kumwita mzushi.

Tena historia inaonyesha kwamba hata kuitaja njia hii kunasaidia. Miaka mingi wananchi walitaka wawachague maseneta wao wenyewe badala ya kuchaguliwa na mabunge ya majimbo. Seneti ikakataa na kukataa. Majimbo yalipoanza kupeleka maombi ya mkutano, na idadi ikawa inakaribia kutimia, Kongresi ikapendekeza yenyewe mwaka 1912, na mwaka uliofuata yakawa Marekebisho ya 17. Nguvu ya majimbo ipo, na mimi sitaki ifutwe.

Pamoja na hayo yote, msimamo wangu ni kwamba Minnesota isipeleke ombi lolote la mkutano, liwe la kulia au la kushoto, mpaka ziwepo kanuni za mkutano huo zilizoandikwa na kupitishwa kuwa sheria. Nataka niwaeleze kwa nini, na hapa naomba mnisikilize kwa makini.

Ibara ya 5 inasema Kongresi itaitisha mkutano, basi. Haisemi kila jimbo litapeleka wajumbe wangapi. Haisemi kama kura itakuwa moja kwa kila jimbo, ambapo Wyoming yenye watu wasiofika 600,000 itakuwa sawa na California yenye watu karibu milioni 39, au kura zitagawanywa kwa idadi ya watu. Haisemi akidi ni nini. Haisemi uamuzi upite kwa wingi wa kawaida au kwa theluthi mbili, nani atakuwa mwenyekiti, wala wajumbe wachaguliwe na wananchi au wateuliwe na wabunge. Vyama vyetu vya kuzikana, vinavyochangisha dola 20 kwa kila kaya, vina akidi na vina utaratibu wa kura vilivyoandikwa na kutiwa saini. Mkutano wa kuandika upya sheria mama ya nchi hii hauna hata ukurasa mmoja.

Siku ile ile ya Septemba 1787, James Madison aliliona tatizo hili. Alisema hapingi kuwepo kwa mkutano, ila shida zinaweza kuzuka kuhusu muundo wake, akidi na mambo kama hayo, na kwamba shida za namna hiyo zingefaa kuepukwa katika katiba. Wakapitisha hivyo hivyo. Walikuwa wamechoka, walikuwa wanataka kurudi makwao, na sisi ndio tulioachiwa pengo.

Kuna ndugu atasema: kanuni ni jambo dogo, wakikutana watazitunga. Wewe uliyekuwa Tanzania mwaka 2014, au uliyekuwa huku ukifuatilia usiku kwa usiku, jikumbushe Dodoma. Bunge Maalumu la Katiba lilianza Februari likiwa na wajumbe zaidi ya 600. Wiki baada ya wiki zikaenda kwenye kanuni tu: kura iwe ya siri au ya wazi. Mwenyekiti wa muda, Pandu Ameir Kificho, alikalia kiti cha moto hadi akampokeza Samuel Sitta. Rasimu iliyoletwa na Tume ya Jaji Joseph Warioba ilikuwa na muungano wa serikali tatu. Katiba Inayopendekezwa iliyotoka Oktoba ilikuwa na serikali mbili, na wajumbe wa UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani, walikuwa wameshatoka ukumbini tangu Aprili. Leo sibishani kama mbili ni bora kuliko tatu, wala sitaki tugombane humu ndani. Ninachosema ni kwamba bunge lililokuwa na sheria yake, tume yake na rasimu mkononi lilitoka na kitu tofauti na lilichopewa, na watu wakabishana hadi mahakamani kama lilikuwa na uwezo huo. Wakenya nanyi mna ya kwenu. Rasimu iliyotoka kwenye mkutano wa katiba wa Bomas Machi 2004 siyo iliyofika kwenye debe Novemba 2005, na wananchi wakaikataa.

Tena hatuna haja ya kwenda mbali. Januari 2025, hapa hapa kwetu, Baraza la Wawakilishi la jimbo lilifunguliwa likiwa na Warepublican 67 na Wademokrati 66, kiti kimoja kikisubiri uchaguzi mdogo. Wademokrati hawakuingia ukumbini. Warepublican wakakaa, wakasema akidi imetimia, wakachagua spika. Wenzao wakasema baraza lina viti 134, kwa hiyo akidi ni 68. Kesi ikaenda Mahakama ya Juu ya Minnesota, nayo ikaamua ni 68, na yaliyofanyika kabla yakaanguka. Jimbo hili limekuwa na katiba tangu karne ya 19, lina mahakama inayosikilizwa na pande zote, na bado mtu mmoja zaidi au pungufu alisimamisha bunge zima kwa wiki kadhaa. Kwenye mkutano wa majimbo 50 wakigombana hivyo, nani ataamua? Mwaka 1939 Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema baadhi ya maswali ya kuridhia marekebisho ni ya kisiasa, yaachiwe Kongresi. Tutakuwa tumezunguka pote huko tukarudi kwa yule yule ambaye Mason alisema tusimtegemee.

Hata kuhesabu 34 hakujulikani. Je, ombi la bajeti la miaka ya 1970 linaweza kujumlishwa na la mwaka huu? Jimbo likifuta ombi lake, limefutika? Mwaka 2022 mbunge Jodey Arrington wa Texas aliwasilisha azimio Kongresi akidai idadi ilishatimia tangu 1979, kwa hiyo mkutano ulitakiwa kuitishwa zamani. Wengine wakihesabu maombi hayo hayo wanapata jibu jingine kabisa. Mmeona yaliyowapata wanaotaka Marekebisho ya Haki Sawa kwa wanawake. Kongresi iliyapitisha 1972, jimbo la 38 likaridhia 2020, lakini majimbo matano yalikuwa yamefuta kuridhia kwao na muda uliowekwa ulikuwa umepita. Ugomvi huo ni wa pendekezo moja tu, la njia ambayo imeshatumika mara 27.

Watu wa Convention of States wana jibu lao, na tuwatendee haki kwa kulieleza. Wanasema mkutano utabanwa na maneno ya ombi, na majimbo kadhaa, Indiana ikitangulia 2013, yametunga sheria za kumrudisha nyumbani mjumbe atakayepiga kura nje ya alichotumwa. Wanasema pia kwamba hadithi ya mkutano wa Philadelphia wa 1787 kuvunja mipaka uliyopewa imetiwa chumvi, kwa sababu majimbo mengi yaliwapa wajumbe wao mamlaka mapana.

Nimekaa na hoja hiyo kwa muda mrefu, na ni kweli kwa majimbo mengi. Lakini si yote. Wajumbe wa Massachusetts na New York walitumwa kwa lengo moja tu, kurekebisha Mkataba wa Shirikisho uliokuwepo. Delaware iliwakataza wajumbe wake kugusa kanuni ya kura moja kwa kila jimbo katika Kongresi. Julai 1787 wajumbe wawili wa New York, Robert Yates na John Lansing, walipoona mkutano umevuka walichotumwa, waliondoka. Alexander Hamilton akabaki peke yake, na mwishowe akatia saini. Wajumbe wa Delaware nao walitia saini katiba yenye Baraza la Wawakilishi linalohesabu watu. Na Mkataba ule ulitaka majimbo yote 13 yakubali kila badiliko, ilhali Katiba mpya ilisema 9 yakiridhia inaanza kufanya kazi. Rhode Island, ambayo haikupeleka hata mjumbe mmoja, iliridhia Mei 1790 wakati George Washington alikuwa ameshakaa kwenye urais mwaka mzima. Waliovuka mipaka walikuwa watu waadilifu na walitupa katiba kubwa. Sitegemei kwamba kila mara watakaokutana watakuwa wa aina hiyo.

Ndugu zangu, sasa naomba nizungumze kuhusu watoto wetu. Watoto wetu waliozaliwa hapa ni raia kwa Marekebisho ya 14, ya mwaka 1868, yaliyopatikana baada ya vita vilivyoua mamia ya maelfu ya watu. Yaliandikwa kwa ajili ya watu weusi waliotoka utumwani, na sisi tuliokuja baadaye tumekaa chini ya kivuli chake. Hayamo kwenye ombi la Convention of States kwa jina. Lakini kifungu cha kupunguza mamlaka ya serikali kuu ni kipana mno, na kwa kanuni ambazo hazijaandikwa hakuna anayeweza kuniambia leo kitaishia wapi. Katika Ibara ya 5 kitu kimoja tu ndicho kilicholindwa mpaka sasa: jimbo halinyang'anywi usawa wake katika Seneti bila ridhaa yake. Uraia haukuwekewa ulinzi wa namna hiyo, wala uhuru wa dini.

Sitaki mtoke hapa mkiwa na hofu isiyo na kipimo. Kizingiti cha majimbo 38 ni cha juu kweli kweli. Majimbo 13 yakikataa, pendekezo limekufa, na kama wanaoridhia ni mabunge, katika kila jimbo kati ya hayo inatosha chumba kimoja cha bunge kusema hapana. Majimbo 13 madogo kabisa yana watu chini ya asilimia 5 ya nchi nzima, na bado yanaweza kuzuia. Kwa hiyo mkutano hauwezi kuamka asubuhi moja ukafuta haki za mtu. Ninachokihofia kiko kabla ya hapo: mwaka mzima, pengine miaka, ya nchi kugombania nani ana haki ya kukaa kwenye kiti, wakati nusu ya wananchi hawaamini matokeo ya nusu nyingine. Tumetoka kwenye nchi zilizowahi kugombania kanuni za mchezo mchezo ukiwa umeshaanza. Baadhi yetu ndiyo sababu tuko Minnesota.

Dawa yake inajulikana, na iliwahi kuandikwa. Seneta Sam Ervin wa North Carolina alitunga muswada wa kanuni za mkutano wa namna hii: jinsi maombi yanavyohesabiwa, jinsi wajumbe wanavyopatikana, jinsi mada inavyobanwa. Seneti iliupitisha 1971 bila kura hata moja ya kupinga, ikaupitisha tena 1973. Baraza la Wawakilishi halikuupitisha. Ulipokufa, wengine walijaribu baadaye nao wakashindwa. Ningependa kuona mtu anayeutaka mkutano kwa moyo akianzia hapo. Kanuni zikiwepo, nitasikiliza hoja ya bajeti, nitasikiliza ya mihula, na hiyo ya fedha za uchaguzi huenda nikaiunga mkono mimi mwenyewe.

Kama mnadhani sauti yenu haifiki, kuna kijana mmoja, Gregory Watson, aliyekuwa mwanafunzi Chuo Kikuu cha Texas pale Austin mwaka 1982. Aliandika insha kuhusu pendekezo la 1789 linalozuia wabunge wa Kongresi kujiongezea mshahara papo kwa papo, pendekezo ambalo watu walidhani limekufa. Akapewa alama C. Akaanza kuwaandikia barua wabunge wa majimbo, mmoja mmoja. Maine ikaridhia 1983, Colorado 1984, Minnesota yetu 1989, na mwaka 1992 yakawa Marekebisho ya 27, yale ya mwisho tunayojibu kwenye mtihani. Kongresi haikumsaidia. Aliwaandikia watu wa ngazi ile ile ninayowaambia muiandikie.

Kwa hiyo kazi ni hii. Kila mmoja wetu ana mwakilishi mmoja na seneta mmoja wa jimbo pale St. Paul. Ukiandika anwani ya nyumba yako kwenye tovuti ya Bunge la Minnesota, majina yao yanatokea. Mpigie simu ofisini kwake kabla kikao hakijaanza, wala usisubiri muswada ufike kwenye kura. Muulize mambo matatu: je, ataunga mkono ombi lolote la mkutano wa Ibara ya 5, wajumbe wa Minnesota watapatikanaje, kwa kuchaguliwa na sisi au kwa kuteuliwa, na kura itakuwa ya jimbo au ya watu. Akisema hajui, mwombe akutafutie jibu, na umwambie utapiga tena baada ya wiki mbili. Muswada ukifika kamatini, mkutano wa kamati huwa wazi kwa umma, na mwananchi anaweza kuomba kwa msimamizi wa kamati kutoa ushahidi. Unapewa dakika chache tu, kwa hiyo andika maneno yako mapema. Anayeogopa Kiingereza chake aje kwangu au kwa vijana waliokaa mstari wa mbele, tutaandika pamoja na tutakwenda naye.

Fomu za kuandikisha majina ya watakaokwenda ziko mezani karibu na mlango, na mama anayezisimamia ana orodha ya namba za simu za ofisi zote. Sasa nakaribisha maswali.